Kibaha, Morogoro, Tanga au kihambani: mstaafu wa Dar ajenge wapi?

Watumishi wengi wa umma Tanzania huruhusiwa kustaafu kwa hiari wakifikisha miaka 55, na kwa lazima wakifikisha 60. Wanachama wa iliyokuwa mifuko ya pensheni ya PSPF na LAPF walizoea kuchukua nusu ya mafao yao kwa mkupuo. Tangu kikokotoo cha Julai 2022, yaani kanuni mpya ya kukokotoa mafao, sehemu kubwa ya mafao hulipwa kidogo kidogo kila mwezi. Kwa hiyo nyumba ya kustaafia siku hizi hujengwa mara moja tu. Ukikosea mahali, fedha ya kujenga pengine haipo.

Hapa tunalinganisha sehemu nne ambazo mkazi wa Dar es Salaam anayekaribia kustaafu huzifikiria zaidi: Kibaha na viunga vyake, Morogoro mjini, jiji la Tanga, na kurudi kijijini kwao. Kwa kijiji tumechukua vihamba vya Kilimanjaro, yaani mashamba ya ukoo yenye makazi, kama mfano, kwa sababu wanaorudi huko ni wengi na migogoro yake inafahamika. Kijiji cha Bukoba, Rungwe au Masasi kina mila zake, lakini maswali ya kuuliza ni yale yale.

Watu wengi huchagua mahali kwa miguu ya miaka 60. Mtu wa miaka 60 anapanda mlima Jumapili, anaendesha gari usiku, anachimba shimo la mgomba mwenyewe. Atakayeishi muda mrefu zaidi katika nyumba hiyo ni mtu wa miaka 75 na kuendelea, mwenye presha, goti linalouma na macho yasiyoona gizani. Huyo ndiye wa kumchagulia mahali. Ndiyo maana maswali mawili yanatangulia mengine yote: saa nane usiku mgonjwa atafika hospitali kwa dakika ngapi, na usiku huo nani mwingine amelala ndani ya nyumba.

Hospitali kabla ya mandhari

Kwa kigezo hiki Kibaha inaongoza. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Pwani, Tumbi, iko pale pale mjini. Mloganzila, tawi la Muhimbili, iko upande wa Kibamba, kwa hiyo anayetoka Kibaha huifikia kabla ya kuingia katika foleni za Ubungo. Barabara kutoka Kimara hadi Kibaha imepanuliwa, na usiku haina shida. Kwa maradhi makubwa zaidi, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na MOI, ya mifupa na ubongo, ziko ndani ya eneo la Muhimbili, na Ocean Road, ya saratani, iko ufukweni mwa jiji, zote umbali wa kilomita 40 hivi. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo uliokwisha kugundulika asihangaike sana na sehemu nyingine za makala haya. Akae Kibaha, au asitoke Dar kabisa.

Kihambani si pabaya kama watu wa mjini wanavyodhani. KCMC ya Moshi ni hospitali ya rufaa ya kanda inayofanya kazi tangu 1971, na anayekaa Kibosho au Old Moshi yuko karibu nayo kuliko mkazi wa Chanika alivyo karibu na Muhimbili siku ya Jumatatu asubuhi. Shida huanza lami inapoishia. Kuna vihamba vingi ambavyo gari dogo haliingii Aprili, kipindi cha masika. Mgonjwa hubebwa mpaka barabarani, na bodaboda haiwezi kumchukua mtu aliyepatwa na kiharusi. Kiharusi hutibika vizuri zaidi katika saa chache za kwanza, na tiba hiyo hungoja kipimo cha CT. Nusu saa ya kumbeba mtu kwenye utelezi ni nusu saa iliyoliwa humo humo. Rombo hali ni nyingine tena: kutoka Tarakea, mpakani na Kenya, safari ya KCMC inazidi saa moja hata barabara ikiwa kavu.

Morogoro ina hospitali ya rufaa ya mkoa, na kwa presha, kisukari na malaria hiyo inatosha. Kwa kliniki za kibingwa mtu hutegemea Dar, na hapo treni ya SGR imebadilisha mambo. Tangu Juni 2024 safari ya Dar hadi Morogoro ni chini ya saa mbili, na nauli ya treni ya kawaida ilitangazwa kuwa Sh 13,000. Piga hesabu: mzee na msindikizaji wake, kwenda na kurudi, ni Sh 52,000. Kliniki moja kila mwezi ni Sh 624,000 kwa mwaka, bila bajaji na chakula. Inabebeka. Lakini mionzi ya saratani hutolewa siku tano kwa wiki kwa wiki kadhaa mfululizo, na hapo treni haisaidii. Unahitaji chumba Dar kwa ndugu au kwa mwanao. Mstaafu wa Morogoro asiuze wala asifunge kabisa mlango wake wa Dar.

Tanga ndiyo dhaifu hapa, na tunalisema hili tukiipenda Tanga. Bombo ni hospitali ya mkoa yenye historia ndefu, lakini ikibidi rufaa, Muhimbili iko kilomita 350 hivi upande mmoja na KCMC iko umbali unaokaribiana na huo upande wa pili. Mji uko katikati ya hospitali kubwa mbili na mbali na zote mbili. Kwa basi ni saa tano hadi sita kuingia Dar.

Jambo moja la kufanya popote: kabla ya kununua kiwanja, nenda mwenyewe katika hospitali ya mkoa wa mji huo, siku ya kazi asubuhi. Uliza kama huduma ya kusafisha damu kwa wenye matatizo ya figo ipo, na mashine ngapi zinafanya kazi wiki hiyo. Mgonjwa wa figo husafishwa damu mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara. Uliza pia daktari wa macho anapatikana siku gani, na kama dawa zako za sasa zipo dirishani au utaambiwa ukanunue nje. Majibu hayo matatu yanakueleza mji kuliko picha za viwanja mtandaoni.

Nani analala nyumbani

Watu husema kijijini hakuna upweke. Desemba ni kweli. Mabasi ya Moshi yanajaa, vihamba vinawaka taa, mbuzi zinachinjwa. Februari ukienda utakuta wazee wawili katika nyumba ya vyumba sita, na kijana wa jirani anayelipwa kukata majani ya ng'ombe. Ndugu wa rika lako wengi nao wamehamia mjini. Waliobaki ni wazee kama wewe.

Halafu lipo suala ambalo wanaume huliruka. Mume akisema "turudi nyumbani", kwa mke huko ni ukweni. Amekaa Dar miaka 30, ana kikoba chake, kwaya yake au msikiti wake, wateja wake wa vitenge; sasa anahamishiwa penye mawifi. Takwimu hatuna, lakini kila ukoo unajua mfano wa mama aliyerudi Dar kulea wajukuu "kwa muda" na hajaonekana tena. Swali hili liulizwe mapema, mezani, na jibu la mama lipewe uzito sawa na la baba.

Kihamba kina utata mwingine: ni cha nani? Kwa mila ya Wachagga, mzaliwa wa mwisho wa kiume ndiye hubaki na boma la wazazi. Wewe uliye wa tatu kuzaliwa, ukajenga nyumba ya bati la rangi katika ardhi ya baba kwa sababu "tumekubaliana", umejenga juu ya maneno. Baba akifariki maneno yanafariki naye. Mipaka ya masale, mimea inayopandwa kama alama, inaheshimika, lakini sale huhamishika usiku mmoja. Kitakacholinda nyumba ni muhtasari wa kikao cha ukoo uliosainiwa na ndugu wote, dada wakiwemo, kisha hati ya haki miliki ya kimila inayotolewa kupitia halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Na jina la mke liandikwe ndani ya hati hiyo. Mjane asiye na jina katika karatasi hubaki akitegemea huruma ya shemeji zake.

Gharama za kijijini hazionekani dukani. Maharage na ndizi ni rahisi, sawa. Lakini aliyetoka Dar na pensheni huwa mfuko wa kijiji: msiba, harusi, harambee ya kanisa, ada ya mtoto wa binamu. Tenga kiasi maalumu kwa mwezi, kitangaze mapema kwa wazee wa ukoo, na kikiisha kimeisha. Asiyejiwekea mpaka huu hukuta pensheni imekwisha tarehe 12.

Kibaha ni kinyume chake. Watoto walio Dar wanaweza kuja Jumamosi na kurudi jioni, na akiumwa mzee, mmoja wao anafika kabla ya usiku wa manane. Hiyo ndiyo nguvu yake halisi, kuliko hata Tumbi. Udhaifu wake ni majirani: mitaa mingi ya viwanja vipya ina nyumba moja yenye watu, tatu za msingi tu, na vichaka katikati. Mlinzi ni lazima kwa miaka ya kwanza, na mshahara wake huota mizizi katika pensheni. Afadhali kiwanja kidogo penye majirani kuliko eka moja penye fisi.

Tanga hapa inapanda. Mji ni tambarare, baiskeli ni usafiri wa heshima kwa mtu wa umri wowote, na Ngamiani mitaa imepewa namba, Barabara ya kwanza mpaka ya 21, kiasi kwamba hata mzee anayeanza kusahau hapotei kirahisi. Majirani wanasalimiana asubuhi, na mlango usiofunguka mpaka saa tatu utagongwa. Kwa asiye na kijiji cha kurudi, au aliyekwishakosana na ukoo wake, Tanga ni mahali pa kuanza upya bila kuulizwa sana.

Maji: fanya hesabu, usiamini bomba

Wazee wawili wanaotumia choo cha kuvuta hutumia lita 150 hivi kwa siku wakiwa waangalifu. Hiyo ni lita 4,500 kwa mwezi, karibu 55,000 kwa mwaka. Shika namba hizi, maana ndizo kipimo.

Paa huvuna hivi: eneo la paa kwa mita za mraba, mara milimita za mvua, mara 0.8 kwa ajili ya kinachopotea. Paa la mita 100 za mraba Morogoro, kwenye mvua ya milimita 850 hivi kwa mwaka, linavuna lita 68,000. Zinatosha kwa mwaka kwenye karatasi. Tatizo ni kwamba Juni hadi Oktoba hainyeshi cha maana: miezi mitano mara 4,500 ni lita 22,500 ambazo lazima ziwe zimelala tayari ndani ya matangi mwishoni mwa Mei. Simtanki moja la lita 2,000 juu ya mnara, ambalo ndilo watu wengi hununua, linamaliza siku 13.

Morogoro ina milima inayotiririka maji na bado viunga vyake vina kiu. Mji hutegemea zaidi bwawa la Mindu, na mitaa mipya imekua haraka kuliko mabomba. Anayeangalia kiwanja Mkundi au pembezoni mwa Kihonda aongee na wapangaji, si dalali: maji yanatoka siku gani, na saa ngapi? Wanaoamka saa tisa usiku kukinga maji ni vijana. Mzee wa miaka 76 hatafanya hivyo, atanunua kwa madumu.

Kibaha iko upande wa mitambo ya Ruvu, na penye bomba hali ni nzuri kuliko viunga vingi vya Dar. Neno la kuangalia ni "penye bomba". Kiwanja kilicho kilomita mbili kutoka bomba kuu kitakudai gharama ya kuvuta mabomba hayo, na si kila mara majirani watachangia. Tanga kwa muda mrefu imesifika kwa mamlaka yake ya maji, yanayotoka bwawa la Mabayani, na mvua yake ya milimita 1,300 hivi inajaza tangi lolote. Kihambani mvua si tatizo, mifereji ya asili ipo, lakini maji ya mfereji ni ya migomba na ng'ombe; ya kunywa yachemshwe.

Gata liwe na mwinuko wa sentimita moja kila mita mbili, na mvua ya kwanza ya msimu imwagwe. Imebeba mavi ya ndege na vumbi la miezi mitano.

Udongo, chumvi na mchwa

Pwani ya Tanga huua chuma. Karibu na bahari bati la kawaida la geji 30, ambalo ni jembamba, huanza kutoboka kwenye misumari kabla hata pensheni haijazoeleka. Tumia geji 28, misumari yenye mpira, na rangi kabla ya kutu si baada yake. Hatari kubwa zaidi haionekani: mchanga wa ufukweni. Una chumvi, na chumvi hiyo ikiingia kwenye zege inakula nondo kutoka ndani mpaka linta inapasuka mstari mmoja mrefu. Nunua mchanga wa mtoni au wa shimo mbali na bahari, hata kama lori ni ghali zaidi. Upande wa Chongoleani, linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, viwanja vingi hununuliwa kwa matumaini ya bei kupanda. Hapo si mahali pa mstaafu kutafuta utulivu.

Kibaha adui ni mchwa. Dawa imwagwe ndani ya msingi kabla ya jamvi la zege, kwa sababu baada ya hapo kila unachofanya ni kuwafukuza wakapite ukuta wa pili. Mbao za kenchi ziwe zimetibiwa.

Morogoro kuna mawili. Chini ya Uluguru, maeneo kama Bigwa na Kigurunyembe, hewa ni nzuri na miti ipo, lakini mito inayoshuka mlimani hujaa ghafla. Kiwanja kilicho chini ya kingo za mto hakifai hata kikiwa bei ya bure. Ukiona mawe ya duara yametapakaa uwanjani, maji ndiyo yaliyoyaleta. Kwenye tambarare, chimba shimo la mita moja. Udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika utapasua kuta zako kila mwaka, labda uweke msingi wa zege lenye nondo, na hiyo ni fedha ya chumba kizima.

Popote utakapojenga, mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 usitoe tofali zaidi ya 30 hivi za inchi 6. Mafundi hufikisha 50 wakakuonyesha rundo refu. Chukua tofali moja, lidondoshe kutoka usawa wa kiuno juu ya ardhi ngumu. Likisambaratika unga, limepata maji na mchanga, saruji limeisikia kwa jina.

| | Kibaha | Morogoro | Tanga | Kihambani |
|---|---|---|---|---|
| Umbali kutoka katikati ya Dar | km 40 hivi | km 190 hivi | km 350 hivi | km 560 hivi |
| Hospitali ya karibu | Tumbi, Mloganzila | Rufaa ya mkoa | Bombo | KCMC |
| Hewa | Joto | Joto la wastani, jioni nafuu | Joto na unyevu | Baridi Juni hadi Agosti |
| Maji | Mazuri penye bomba | Ya mgawo viungani | Mazuri | Mvua nyingi, chemsha |
| Kinachoharibika | Upweke wa mtaa mpya, mchwa | Maji, udongo, mafuriko | Rufaa iko mbali, kutu | Mgogoro wa ardhi, njia ya masika |

Na Dodoma?

Tangu serikali ihamie, wengi wanastaafia huko huko walikohamishiwa. Kwa hospitali Dodoma inaishinda Morogoro waziwazi: Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza kupandikiza figo mwaka 2018. Treni inafika. Lakini mvua ni milimita 570 hivi, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Paa lile lile la mita 100 linavuna lita 45,600, chini ya mahitaji ya mwaka, na visima vingi vina chumvi. Mwenye kazi au watoto Dodoma abaki. Kuhamia huko kutoka Dar ukiwa na miaka 60, bila mtu, hatuoni sababu.

Karatasi

Mtaani watu huuziana kwa mkataba ulioandikwa mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wakapiga picha, wakafurahi. Karatasi hiyo inathibitisha kuwa fedha ilitoka, haithibitishi kuwa aliyeuza alikuwa mwenye ardhi. Kiwanja cha mjini kiwe na namba na kitalu. Chukua namba hizo upeleke ofisi ya ardhi ufanye upekuzi: jina la mmiliki, kama kuna mkopo wa benki juu yake, kama kuna zuio la mahakama. Kisha lipa mpima akatafute bikoni zote nne, yaani alama za mipaka, kwa vipimo, si kwa kuonyeshwa na muuzaji. Kuna watu wamejenga vizuri kabisa kwenye kiwanja cha jirani. Muuzaji na mwenzi wake wote wasaini. Muuzaji anayesema mkewe "yuko safarini, atasaini baadaye" aachwe na kiwanja chake. Malipo yapite benki, kwa awamu, ya mwisho ikilipwa hati inapohamishwa jina.

Usinunue kwa mkupuo wenyewe. Wiki za kwanza baada ya mafao kuingia ndizo madalali wanazozisubiri, na maamuzi ya wiki hizo huwa ya mtu aliyeona tarakimu nyingi kwa mara ya kwanza. Kiwanja kinunuliwe ukiwa bado na mshahara, kwenye miaka ya 50, na msingi uwekwe mapema. Kazi ya mkupuo iwe kumalizia, na hata hapo isizidi nusu yake. Tuseme umepata milioni 40: 20 nyumba, 8 akiba isiyoguswa kwa ugonjwa, 6 matangi, umeme wa jua na uzio, zilizobaki ziwe mtaji mdogo wa kitu unachokijua tayari. Kuku wa kisasa si kitu unachokijua tayari.

Nyumba ya mtu wa miaka 78

Vyumba vitatu vinatosha. Cha nne na cha tano ni vya wageni wa Desemba, na utavifagia miezi 11. Ghorofa hapana. Choo kiwe ndani, cha kukaa, karibu na chumba cha kulala, na kishikio cha chuma ukutani kwenye sentimita 80 kutoka sakafuni, kikifungwa kabla ya plasta ili kishike tofali. Mlango wa choo na wa chumba uwe sentimita 90. Kiti cha magurudumu hupita kwa shida kwenye 70. Vigae vya kung'aa bafuni ni mtego. Mlangoni weka mteremko badala ya ngazi: kila sentimita 10 za kupanda zinahitaji mita 1.2 za urefu, kwa hiyo msingi wa sentimita 30 unataka mteremko wa mita 3.6, na nafasi hiyo ipangwe kwenye ramani, vinginevyo fundi atakuambia haiwezekani.

Kwa nani wapi

Mwenye watoto wawili au zaidi Dar, na mwenye moyo, figo au saratani katika historia yake: Kibaha. Mwenye afya ya wastani, anayetaka bustani, hewa na treni, na mwenye chumba kwa mwanawe Dar: Morogoro, lakini upande wenye bomba la maji, hata kama ni kiwanja cha nusu ya ukubwa aliouota. Asiye na ukoo wa kurudia, mwenye presha inayodhibitika, anayependa bahari na majirani: Tanga. Kihambani aende mwenye hati, mwenye njia ya gari mpaka mlangoni, na ambaye mkewe ndiye aliyesema "twende" kwanza. Mama mjane au asiyeolewa anayerudi kwao kwa baba asijenge kabla kaka zake hawajasaini; sheria iko upande wake, ila kesi ya ardhi inaweza kuwa ndefu kuliko subira ya mtu wa miaka 65.

Kama bado unasita, panga chumba kabla ya kujenga. Lipa kodi ya miezi mitatu kuanzia Machi, ukae masika yote: utaona njia, utelezi, mbu, mto unaojaa. Halafu rudi Septemba mwishoni kwa wiki mbili, maji yanapokuwa machache kuliko wakati mwingine wowote. Katika muda huo fanya safari moja ya hospitali usiku, mzima, kwa usafiri utakaokuwa nao kweli, ukihesabu dakika kutoka mlangoni mpaka kwenye benchi la mapokezi. Toa pensheni kwa wakala wa karibu, uone kama ana fedha mwisho wa mwezi au anakuambia urudi kesho, na kama unaweza kubonyeza namba yako ya siri bila mjukuu kukusaidia. Mke afanye haya yote pia, siku tofauti na yako, bila kusimuliana kwanza.